Nyegere ya Tata Mukalay

Mi ni Mama Mbayo. Kama munataka habari ya Mukalay, musikilize kwangu, hapana kwa batu ba mutaa ya Dilala benye banaongeza chumvi. Nyumba yake na yangu zilikuwa na ukuta moja. Mu kambi ya kampuni ya shaba ku Mutoshi balijenga vile, nyumba mbili mbili, na ule ukuta wa katikati ulikuwa mwembamba kabisa: ukikohoa huku, kule banakuambia pole. Njo vile nilijua bitu byao byote bila kuuliza. Na byenye sikusikia, muke yake Kabedi alikuja kunieleza mwenyewe ku jiko yangu.

Ile wakati inchi ilikuwa inaitwa Zaïre na Katanga yetu inaitwa Shaba. Majina ya ubatizo Leta, ni kusema serikali, ilikuwa imeyakataza. Mukalay alibatizwa Stanislas, Kabedi alibatizwa Elise, lakini ku buro ya kampuni ilikuwa sitwayen, ni kusema mwananchi, Mukalay na sitwayen Kabedi, ukikosea banakuandika kosa. Mu nyumba, lakini, Mukalay alikuwa anaita muke yake Elise, sauti ya chini, na mi nilikuwa nasikia. Miaka makumi mbili ya ndoa, batoto bawili ba kike bameshaolewa Likasi, na bado anaitaja ile jina polepole. Bwana yangu mi alikuwa ananiita "we". Nilikuwa naona wivu, nasema kweli.

Mukalay alikuwa mutu wa kwetu, upande wa kaskazini, na kazi yake ilikuwa mu ekipe, kikundi ya kutafuta shaba. Balikuwa banaenda mu pori mwezi muzima na mahema, banakata mistari mu miti na panga, injeniere anafuata nyuma na ramani yake. Mukalay alikuwa anatangulia. Ku bilima byetu, penye shaba iko chini, miti inakataa kuota. Unatembea mu pori nzito, kisha gafula kilima iko na kipara, majani mafupi tu, na katikati ya majani kauwa kadogo ka bluu. Kale kauwa kanapenda shaba. Mwisho wa mvua, wakati kanachanua, Mukalay akikaona alikuwa anapiga filimbi, na bengine banakuja na majembe.

Lakini moyo yake haikuwa ku shaba. Alikuwa na kaye, kaye ya shule yenye jalada ngumu, na mule alikuwa anaandika bitu bya pori na tarehe yao. Siku gani muti ya muputu ilianza kutoa majani myekundu. Siku gani inswa, zile kumbikumbi, ziliruka, bowa, ule uyoga, wa kwanza uliota chini ya muti gani, nyuki zilihamia wapi. Na zaidi ya yote, nyegere. Kwa mwenye hajaiona: ni nyama ya pori yenye ukubwa wa mbwa, miguu mifupi, uso na tumbo nyeusi sawa chini ya sufuria, na mugongo mweupe sawa mutu ameimwangia bunga. Inavunja mizinga, inakula asali na batoto ba nyuki, na haiogopi mutu. Moja ya kike ilikuwa inakaa ku kilima nyuma ya Mutoshi, na Mukalay aliiangalia miaka saba. Kila siku ya mungu, jumapili, yenye hakuwa mu pori ya mbali, alikuwa anapanda kule. Mi nilimuuliza mara moja anapata nini. Akasema hapati kitu, anaiangalia tu inaishi.

Kisha kifua. Miaka makumi mbili na mbili ya vumbi ya majiwe, munganga ku lopitali akamuambia mapafu imeisha, arudi nyumbani apumzike. Hii ilikuwa 1974. Mwaka uliofuata, kutoka kitanda mpaka ku mulango, Mukalay alikuwa anasimama mara mbili njiani.

Na ule mwaka wa pili mashini ya kutoboa ikapanda ku kilima ya nyegere. Tulikuwa tunaisikia ku kambi, ngrr, ngrr, toka asubui mpaka sirene ya magaribi. Siku ya pili alimuita Kabedi akae ku kitanda, na mi niliacha kusafisha mboga, sababu sauti yake ilikuwa ingine. Akamueleza kwamba ni ye alipiga filimbi pale. Alikuwa na ekipe, mbele ya kifua kumushika, alikaona kauwa ka bluu ku kipara ya kilima, akapiga sawa siku zote, na filimbi iko bado mu kinywa njo alikumbuka nani anakaa upande wa pili. Ingefaa apite na kunyamaza. Hakuna mutu angejua.

"Elise," akasema, "kama imehama, ni mi niliifukuza. Sitaki kufa bila kujua."

Akamulomba aende kuangalia. Muputu zilikuwa zinaanza kutoa majani myekundu, njo wakati wake: kila mwaka, majani ikiwa myekundu, nyegere inatoka na mutoto.

Sasa, Kabedi. Bakasai munabajua. Baba yake aliletwa na gari ya moshi kutoka Kasai kuja kufanya kazi ya kuchimba mu mine, na Kabedi alizaliwa hapa hapa mu kambi, penye bomba ya maji iko na sirene inaamusha batu. Pori kwake ilikuwa mahali penye nyumba hazijafika bado. Alikuwa anaogopa nyoka, anaogopa nyuki, anaogopa hata majani marefu yenye haina kitu ndani. Misimu alijua mbili: wakati wa kuanika nguo inje, na wakati wa kuanika ndani. Ndugu za Mukalay balisema toka siku ya ndoa kwamba ule muke hatamufaa mutu wa pori. Mi pia nilisema, siwezi kujificha.

Lakini alifunga kitenge akaenda. Mi nikaenda naye, sababu peke yake hangefika hata ku mashamba ya mihogo. Mukalay alitueleza njia yote: tupite mashamba, tufuate mustari yenye ye mwenyewe alikata, mpaka penye muti ya mutobo imeinama juu ya kichuguu kikubwa. Pale tukae chini, upepo utupige ku uso, tungojee.

Tulifika ku mwanzo wa mustari. Mashini ilikuwa inalia ku kilima, na kitu kikatembea mu majani. Mi nafikiri ilikuwa kwale. Kabedi akasimama, akavua viatu, akavishika mu mikono, sijui sababu gani. Nikamuambia twende. Hakuenda. Basi tukakaa ku jiwe tukakula karanga saa nzima, na tukarudi.

Tulipoingia, Mukalay alikuwa amejikalisha peke yake ku kitanda. Alikuwa amechana nywele. Kaye ilikuwa ku magoti, biki ya kuandikia mu mukono. Kabedi akaangalia ule uso, na mi nikaona kabla hajafungua kinywa nini itatoka.

"Iko," akasema. "Nimeiona."

Mukalay akauliza kama ilikuwa na mutoto. Kabedi akasema batoto, bawili. Mukalay akaangalia biki yake. Kisha akauliza kama banene. Na Kabedi, kwa vile alikuwa amefungua mulango, akaingia muzima muzima: banene, banacheza, na ye ameshabapa majina, Mbuyi na Kabanga. Njo majina ya mapasa kwao, batoto bawili ba tumbo moja. Kwa Bakasai mapasa ni baraka, mama yao banamuimbia na kumuheshimu mpaka uzee. Mukasai akitaka kukufurahisha na habari ya mutoto, hatakupa moja kama anaweza kukupa bawili. Mukalay akaandika yote, na tarehe.

Ikawa vile kila samdi, ni kusema jumamosi. Asubui tunafanya salongo, tunafagia barabara ya Leta bure, kisha Kabedi anafunga kitenge anaenda mpaka ku lile jiwe. Anakaa, anapumzika, anarudi na habari. Mbuyi ameota meno. Kabanga ni muvivu, analala juu ya mama yake. Mara moja alisema ameziona zinakula matunda ya masuku, na mi nikamukanyaga muguu chini ya kitanda, sababu masuku inaiva na mvua, na mvua ilikuwa haijanyesha hata tone. Mukalay akaandika masuku pia. Nilifikiri ugonjwa umeanza kumupunguzia akili, na nikamushukuru Mungu, nikasema afazali aende na furaha.

Lakini hakuwa na furaha. Alianza kuacha chakula. Bukari, ule ugali wetu, kwanza, kisha mupunga, kisha hata supu ya samaki ya ndakala yenye alikuwa anapenda. Siku moja Kabedi yuko ku bomba, nikamuletea uji. Hakuuonja. Ilikuwa siku tatu hajakula, na mi nina hasira ya karibu, nikamugombeza. Nikamuambia kwamba nyegere zake zinakula masuku kule, na ye hapa anakataa uji ya ndugu yake.

Alicheka kidogo, ile ya kukosa pumzi. Kisha akasema:

"Mbayo, nyegere haizai mapasa."

Akaniambia kwamba miaka saba hajaona hata mara moja. Inazaa moja, moja tu, na inaipenda sana. Nikamuuliza alijua toka lini. Akasema toka siku ya kwanza.

Sasa hasira yangu ikapanda kabisa. Nikamuuliza sababu gani basi anaandika zile bongo, zile habari za uwongo, mu kaye yake nzuri, ye mwenye alikuwa anatugombeza kama tarehe imekosewa. Akajibu kwamba mutu mwenye anaogopa majani anaingia mu pori kila samdi kwa ajili yake, na ile pia ni kitu ya kuandikwa. Akageukia ukuta, na pale, bila kuniangalia, akasema polepole kwamba ingekuwa kule, Elise angeiona. Mutu mwenye ameona hahitaji kudanganya.

Njo pale nilielewa tulifanya nini. Tulifikiri tunamupa nyegere yake, kumbe kila samdi tulikuwa tunamuambia kwamba imehama. Roho iliniuma sana. Mukalay akanilomba nisimuambie Kabedi, asije akaona haya. Nikaahidi. Ahadi yangu iliishi mpaka Kabedi alipoingia mu lupango, ule uwanja ya nyumba, na ndoo ya maji ku kichwa.

Nilimueleza yote, palepale, pa kamba ya nguo. Alitua ndoo. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Kwanza alinikasirikia mi, akasema nina mudomo sawa redio, na ni kweli. Kisha akakaa chini ku udongo, muke mwenye hajawahi kukaa ku udongo maisha yake yote, akalia na kitenge mu kinywa ili bwana yake asisikie. Alikuwa anasema tu: "Alikuwa ananisikiliza, Mbayo, kila samdi alikuwa ananisikiliza." Nikakaa naye.

Siku ya mungu iliyofuata nilisikia mulango wao asubui na mapema. Nilichungulia, nikamuona Kabedi amevaa kitenge ya Pasaka, ile ya maua manjano yenye batoto bake walimununulia, na rozari mu mukono. Nikasema anaenda misa ya kwanza. Hata Mukalay alifikiri vile. Kumbe alipita kanisa, akapita mashamba, akafika ku jiwe letu, na akalipita pia.

Ile yenye inafuata ni ye alinieleza. Mashini ilikuwa imenyamaza, siku ya mungu hawafanyi kazi. Akafuata mustari huku anasali kwa sauti. Kisha akakumbuka bwana yake alisema kule mutu hasemi, akasali na midomo tu. Aliona kichuguu. Aliona mutobo imeinama. Muputu zote juu yake zilikuwa myekundu, na ye, mwenye hakuwahi kuangalia majani, aliniambia alisahau kuogopa kwa muda kidogo. Akatafuta upepo, akaukalia vizuri, akangoja. Chungu zikamupanda miguu. Hakutingishika.

Jua ilipopanda juu ya miti, nyegere ikatoka. Nyeusi chini, nyeupe juu, inatembea kifua mbele sawa mwenye lupango. Ilikuwa na kitu mu kinywa. Kabedi alifikiri panya. Haikuwa panya, ilikuwa mutoto, ngozi inaning'inia sawa nguo ya kaka yake mukubwa. Kabedi akahesabu: moja. Akangoja ingine, sababu mu roho yake Mbuyi na Kabanga walikuwa wameshakuwa kweli kidogo. Hakuna ingine iliyotoka. Basi akasimama ili aone vizuri.

Mutu yeyote wa pori angemuambia: mbele ya nyegere yenye mutoto, usisimame. Ile nyama ilitua mutoto chini, ikasimamisha manyoya ya mugongo, ikatoa sauti sawa mashini ya kusaga, na ikamujia. Kabedi alitaka kukimbia, akakanyaga kitenge yake. Akaanguka na matako. Nyegere ilifika hatua mbili karibu yake, ikageuka, ikainua mukia, ikamupa harufu yake yote. Njo silaha yake ya mwisho, hata simba anarudi nyuma. Kisha ikaokota mutoto yake, ikaingia mu majani, bila haraka.

Mi nilimusikia Kabedi na pua kabla ya kumuona na macho. Batu balikuwa banatoka misa, na banawake bakagawanyika pande mbili za barabara kumupisha. Ile harufu siwezi kuieleza. Weka pamoja yai iliyooza, choo ya shule na mbuzi dume, na bado haujafika. Nikaziba pua, nikamuuliza kama ameanguka mu choo. Akanipita sawa hanioni. Kitenge ya Pasaka ilikuwa imeisha, matope, majani, kiatu kimoja tu ku muguu. Ukuta haungenitosha siku ile, nikamufuata mpaka ku mulango.

Mukalay alikuwa amelala, uso ku ukuta. Kabedi akasimama katikati ya chumba.

"Nimeiona," akasema.

Mukalay hakugeuka. Akajibu na upole wake wote, na ule upole uliniumiza kuliko kama angemutukana.

"Asante, Elise. Mbuyi na Kabanga bazima?"

"Hapana. Ni moja."

Na pale harufu ikafika ku kitanda. Mukalay, mwenye tulikuwa tunamugeuza sisi bawili sawa gunia, akageuka peke yake. Akanyoosha mukono, akashika pembe ya kitenge, akaiweka ku pua, akavuta. Alikohoa mpaka nikafikiri anatufia pale pale. Alipomaliza kukohoa akairudisha ku pua tena. Machozi ilikuwa inashuka mu ndevu zake, na Kabedi akapiga magoti karibu ya kitanda, analia naye, anaomba samahani kwa ajili ya zile samdi zote.

Mukalay aliuliza kama ilibeba mutoto mu kinywa. Kabedi akasema mu kinywa. Aliuliza kama ilitoka chini ya kichuguu ama nyuma yake. Chini yake, akasema Kabedi. Kisha Mukalay akamuangalia toka kichwa mpaka ku kile kiatu kimoja, na uso wake wote ukafunguka.

"Elise," akasema, "ulisimama."

Alicheka. Nasema kweli, alicheka mpaka Kabedi akacheka, na mi pia, ku mulango, na pua yangu mu vidole. Kisha nikaweka maji ku moto, nikatafuta sabuni kubwa, nikamuambia Kabedi avue ile kitu niifule haraka kabla kambi haijahama. Mukalay alikuwa bado ameishika pembe yake. Hakuiachia.

"Musiifule," akasema.

Ikatundikwa ku dirisha, karibu na kichwa yake. Batu ba kambi balilalamika, na wa kwanza kugonga ukuta nilikuwa mi. Shef wa kambi alikuja na kitambaa ku uso, akauliza nani amekufa. Mukalay alikula uji siku ile, na bukari kidogo siku ya pili. Kila asubui alikuwa anamulomba Kabedi amuelezee tena toka ku jiwe mpaka mwisho, na Kabedi alikuwa anaeleza, haongezi kitu, hapunguzi kitu.

Alikufa juma mbili baada ya mvua ya kwanza, usingizini, mukono yake mu mukono ya Kabedi. Ndugu zake balikuja kutoka kaskazini, bale bale benye balisema muke ule hatamufaa. Siku ya kumuzika Kabedi alitoka mu nyumba amefunga ile kitenge ya maua manjano, haijafuliwa, na mvua ilikuwa imeamusha harufu yote. Alitembea mbele ya batu bote, nyuma ya sanduku. Bakubwa na batoto, kambi nzima, hakuna mutu alifunga pua. Mi nilikuwa karibu naye kuliko bote, nimeshika mukono yake, na nilivuta pumzi mpaka ku makaburi.